Shajara ya vitunguu vya uani: jaruba moja, Nkuhungu, Dodoma

10 Machi

Naanza kuandika ili nisije nikasahau, maana mwaka jana nililima nyanya nikavuna sita tu na leo ukiniuliza nilikosea wapi sikumbuki. Mwaka huu ni vitunguu. Chanzo ni mke wangu, mama Juni, ana genge lake la chipsi hapo kona na kachumbari inakula kilo nzima ya vitunguu kwa siku, siku ya Simba na Yanga hata kilo na nusu, na mwezi uliopita bei ilivyopanda alianza kuongeza kabichi kwenye kachumbari, wateja wakaanza kunung'unika. Nikajisemea si nina kieneo hapo nyuma.

Kieneo chenyewe nimekipima kwa futikamba, mita 3 kwa 1 ukitoa pale mama Juni anapoanika nguo. Jua linapiga kutwa. Udongo ni kichanga chekundu, ukimwaga maji yanapotea hapo hapo kama umemwaga kwenye chujio.

Mbegu nimechukua Red Bombay, pakiti ndogo, kwenye duka moja la pembejeo mjini. Muuzaji hakuangalia tarehe na mimi sikuangalia. Nimetengeneza kitalu kidogo pembeni ya ukuta, nikachora mistari kwa kidole, nikamwaga mbegu, nikafunika na nyasi kavu. Kazi ya nusu saa. Nikajiona mkulima tayari.

23 Machi

Siku ya 13. Hakuna kitu. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini naenda nachungulia chini ya nyasi, naona udongo tu na sisimizi.

Leo mzee wa nyumba ya pili amenikuta nimechuchumaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umezika nani hapo, maana kila asubuhi nakuona unazuru."

Nikamweleza. Kumbe huyu mzee miaka ya nyuma alikuwa kibarua Ruaha Mbuyuni, pale ukipita na basi la Iringa unaona vitunguu vimetundikwa barabarani, kalima vitunguu vya watu misimu mingi tu. Na mimi nimekaa naye jirani miaka minne, salamu na habari za mgao wa maji basi. Akaomba pakiti. Akaisogeza mbali na macho, akaivuta karibu, akacheka. Tarehe ya mwisho ilishapita zaidi ya mwaka. Anasema mbegu ya kitunguu haina subira, mahindi unaweza kuweka darini ukayakuta, ila kitunguu kikivuka mwaka umebaki na vumbi jeusi.

Nilirudi dukani na pakiti mkononi, nikaambiwa mbegu ikishafunguliwa hairudi. Sawa.

1 Aprili

Mzee kanifundisha kupima mbegu kabla sijapoteza wiki nyingine mbili. Unachukua mbegu 20, unalaza kwenye kitambaa kilicholowa, unakunja, unaweka kwenye kopo la siagi lenye mfuniko, unaacha mahali pasipo na baridi. Mimi nimeweka juu ya friji. Nimepima za zamani 20 na mpya 20 (hizi mpya nimenunua duka lingine na tarehe nimesoma mara tatu). Leo siku ya saba nimefungua: za zamani 2 ndo zimetoa kimzizi, mpya 17. Yaani ningefanya hivi tangu mwanzo ningekuwa na miche sasa hivi.

Afu kuna jingine. Dada yangu anaishi Uingereza, huko Leicester, amekuja Pasaka na kaniletea pakiti ya mbegu za vitunguu zinaitwa Ailsa Craig, picha yake kitunguu ni kikubwa kama kichwa cha mtoto, mwanamke wa kizungu kakishika kwa mikono miwili. Najua mbegu za kutoka nje kisheria zinatakiwa zipite ukaguzi kwanza, msinipigie kelele, nimeshamwambia asirudie. Ila ndo zipo hapa na roho inaniuma kuzitupa. Mama Juni kaangalia ile picha kasema kimoja hiki kinatosha kachumbari ya mchana.

6 Aprili

Kitalu upya. Safari hii mistari ina nafasi ya sentimita 10 kati yake, kina kama sentimita 1, mbegu nimezitupa chache chache siyo kama nanyunyiza chumvi. Nusu ni Red Bombay, mistari mitatu ya mwisho ni za dada. Nyasi juu.

14 Aprili

ZIMEOTA. Sikujua kitunguu kinaota hivi. Haitoki ncha kwanza kama mahindi, linatoka goti, kamche kamejikunja katikati kama pini ya nywele, miguu yote miwili bado iko ardhini, afu baada ya siku mbili mguu mmoja unachomoka na juu yake kuna ganda la mbegu jeusi limening'inia kama kofia. Nimekaa pale mpaka chai imepoa. Nimetoa nyasi jioni jua likishapoa, mzee alisema nikichelewa kutoa miche itarefuka myembamba itafute mwanga.

28 Aprili

Msiba kwenye kitalu. Kuna sehemu kama sahani miche yote imelala, ukiigusa shina chini limekuwa laini kama uzi uliolowa. Ni ugonjwa wa kinyausi. Makosa ni yangu, nilikuwa namwagilia asubuhi na jioni na kukawa na mvua pia, udongo haukuwahi kukauka. Ile sehemu nimeichimba na udongo wake nikatupa mbali, nimepunguza maji, sasa namwagilia asubuhi tu na nikikuta udongo una unyevu naacha. Nimepoteza miche kama 60 hivi, iliyobaki bado inatosha.

19 Mei

Hii wiki ni jaruba. Mimi nilikuwa nimeshainua tuta zuri limenyooka, najivunia, mzee akaja akasema mwanangu tuta la kuinua ni la mvua nyingi, wewe unaenda kulima kiangazi cha Dodoma na maji ya mgao, ukimwaga ndoo yote inateremka kwa jirani. Nikabomoa. Nimechimba jaruba, yaani chini kidogo ya usawa wa ardhi, kingo zimeinuka pande zote kama sinia, maji yakiingia yanatulia. Nimeweka samadi ya ng'ombe ndoo nne, ile iliyooza vizuri haina harufu tena, nikachanganya na koleo. Mgongo unauma kuandika hapa penyewe ni shida.

25 Mei

Kupandikiza. Miche ina siku 49, minene inakaribia penseli, mingine bado kama njiti ya kiberiti nikaiacha. Nimemwagilia kitalu kwanza ili ing'oke na mizizi. Nafasi ni sentimita 15 mstari hadi mstari na 10 mche hadi mche, imeingia mistari 20, mistari 16 Red Bombay na 4 ya dada, kwa hiyo 160 na 40.

Sasa hapa ndo nilifanya uzuzu. Mimi nilikuwa najua kitunguu kinakaa ardhini kama kiazi, kwa hiyo nikaifukia miche mpaka karibu na pale majani yanapoachana, nikashindilia kwa kidole. Nimemaliza mistari nane najipongeza. Mzee akaja na kikombe chake cha kahawa, akaangalia, hakusema neno, akainama akavuta mche mmoja juu mpaka ile sehemu nyeupe ikabaki nje kidogo, akaondoka. Baadae ndo akanieleza kwamba kitunguu siyo kiazi, kinakaa juu ya ardhi, kinachotakiwa kushika udongo ni mizizi tu, tumbo lake linataka nafasi na jua.

Nikarudia mistari saba kuinua mmoja mmoja. Mstari wa nane nimeuacha makusudi na zile zilizofukiwa, nataka nione. Nimeweka kijiti.

2 Juni

Kuku. Sina la kusema zaidi ya hapo. Miche 11 imeparuliwa, nimerudishia kutoka kwenye ile ya kiberiti. Nimezungushia chandarua kilichochakaa na miti ya mwiba. Mama Juni anasema kuku ni wa kwake na wanatoa mayai, vitunguu vyangu bado havijatoa kitu.

16 Juni

Maji yanatoka siku mbili kwa wiki, usiku wa manane. Najaza madumu, naweka foleni ukutani. Jaruba linakula dumu mbili za lita 20 kila baada ya siku mbili. Nilijaribu kuruka siku nne nione kama vitavumilia, ncha za majani zikaanza kuwa njano. Nikang'oa kimoja kuangalia chini (kile kilichokuwa kimedhoofika), mizizi yenyewe ni mifupi kama ndevu za mbuzi, haiendi popote, ndo maana hata ukipalilia kwa jembe unaikata yote. Napalilia kwa mkono na kile kisu cha zamani cha mama Juni ambacho anakitafuta mpaka leo.

Nimeweka mbolea ya CAN kidogo kati ya mistari, kiganja kimoja jaruba zima, nikamwagilia juu yake.

7 Julai

Upepo wa Dodoma umeanza, vumbi kila mahali, asubuhi baridi unavaa koti. Na majani yamekuwa na michirizi myeupe kama mtu kayakwangua kwa pini. Nilidhani ni vumbi nikafuta, haitoki. Mzee akaniambia lete karatasi nyeupe, akakung'uta majani juu ya karatasi, tukasubiri, afu vile vidoti vya njano vikaanza kutembea! Vidogo kuliko punje ya chumvi. Wanaitwa thiripsi, wanajificha pale katikati majani yanapokutana na wanapenda ukame kama huu wetu.

Kijana wa bodaboda wa hapa kijiweni akanishauri dawa moja kali anayotumia mjomba wake kwenye nyanya, sijui mls ngapi kwa dumu. Hapana bana, mama Juni anachuma majani haya haya anatia kwenye mayai, mtoto anakula. Nimetwanga majani ya mwarobaini, nimeloweka usiku kucha, nikachuja na kitambaa, nikatia sabuni ya kipande kidogo ili ishike maana jani la kitunguu linateleza kama limepakwa nta. Nanyunyiza jioni, nalenga katikati. Pia nimeanza kumwagilia juu ya majani kwa kopo lililotobolewa, maji yanawaangusha wengine.

Wiki mbili sasa wamepungua ila hawajaisha. Nimekubali kuishi nao.

14 Julai

Nakiri hapa kwa sababu ni shajara yangu. Nimeweka urea. Vitunguu vya Red Bombay vilikuwa vimeacha kukua (mimi nilivyoona), nikanunua robo kilo nikaweka mzee akiwa safarini Kondoa. Majani yameamka kijani mpaka yanang'aa, nimefurahi sana.

28 Julai

Mzee karudi, kaangalia, kasema "Umekula nini wewe, unalisha majani." Sikumwambia, kajua tu. Anasema mbolea ya majani unaweka mwanzoni, sasa hivi mmea ulikuwa unataka kujaza tumbo, ukiupa urea unasahau tumbo unarudi kwenye majani na shingo inakuwa nene haikauki. Nikauliza dawa yake nini, akasema dawa yake ni kula mapema.

Lakini kuna furaha. Udongo umepasuka kuzunguka vile vya mistari ya mwanzo, ufa mwembamba wa duara, na ndani yake unaona bega jekundu limechungulia. Nimemwita mama Juni, nimemwita mwanetu Juni, nimempigia mpaka mama yangu Singida. Mama kanicheka, Singida kwenyewe vitunguu vinajaza malori, mimi nampigia kwa bega moja.

Vitunguu 6 vimetoa bomba la maua. Hizi baridi za usiku ndo zinadanganya kitunguu kinadhani msimu umeisha kinakimbilia kuzaa mbegu. Hata ukikata ua katikati panabaki kijiti kigumu na hakitunziki, kwa hiyo nimeving'oa tumekula na maharage.

11 Agosti

Hii ya leo ni kuhusu mistari minne ya dada, maana nilikuwa naikwepa.

Majani ni makubwa kuliko yote, mazito, ya bluu bluu. Ukiangalia jaruba kwa mbali utasema hivi ndo vinaongoza. Chini hakuna kitu. Shina limenyooka juu mpaka chini kama bomba la maji, hakuna hata dalili ya tumbo, wakati Red Bombay waliopandwa siku moja sasa wana mabega. Nilianza kulaumu thiripsi, nikalaumu urea, mwisho nikakaa nikasoma usiku mmoja mpaka bando likaisha.

Kumbe kitunguu kinasoma jua! Hakianzi kutengeneza tumbo kwa sababu ya umri peke yake, kinasubiri mchana ufike urefu fulani ndo kipate ishara. Aina za huko Ulaya kaskazini kama hii Ailsa Craig zinasubiri mchana wa saa 14 hadi 16 hivi, na huko Uingereza mwezi wa sita mchana unavuka saa 16, jua linazama watu wameshalala. Sisi Dodoma tuko karibu na ikweta, nyuzi kama 6 tu kusini, mchana wetu unachezea saa 12 mwaka mzima, ukizidi au ukipungua ni nusu saa tu au chini ya hapo. Red Bombay na wenzake wa huku wanatosheka na hizo saa 12. Hawa wa dada wamekaa wanasubiri siku ndefu ambayo hapa Nkuhungu haiji, hata nikiwapa samadi ya ng'ombe wote wa Ugogo.

Nimemhurumia kweli, kitunguu kimekaa kinaangalia saa.

Mzee nilipomweleza alifikiri kidogo akasema "Kwa hiyo ni mgeni hajabadilisha saa yake", akaendelea na kahawa.

25 Agosti

Red Bombay wameanza kulala, shingo zinalegea zenyewe majani yanaanguka upande upande kama walevi. Wakifika nusu nitasitisha maji. Juni kawasaidia wengine kulala kwa kuwakanyaga, kaambiwa ukweli wake.

28 Agosti

Zaidi ya nusu wamelala. Maji nimekata. Ni ngumu kuliko nilivyodhani, miezi mitatu unabeba madumu halafu unaambiwa acha, mkono unawasha.

8 Septemba

MAVUNO. Siku 106 toka kupandikiza. Nimeng'oa asubuhi, udongo mkavu unapukutika wenyewe. Vitunguu 149 vya Red Bombay kati ya 160, wengine ni wale wa maua na kama watano waliooza chini.

Mstari wa nane, ule uliofukiwa, nimeuweka pembeni nikaupiga picha. Vitunguu vyote kumi ni virefu vyembamba, vina umbo la betri kubwa ya tochi, shingo nene. Vya mstari wa saba ambavyo niliinua ni duara. Udongo ule ule, maji yale yale. Mzee kavishika kimoja kimoja hajasema lolote ila nimeona ametabasamu.

Wenye shingo nene za urea ni 23. Nimewatenga.

Wengine nimewatandaza barazani kwenye kichanja cha waya, kivulini, upepo unapita. Siyo juani, jua la saa nane linawapika.

19 Septemba

Shingo zimekauka, ganda la nje linalia kama karatasi ukishika. Nimekata majani nimeacha shingo kama sentimita 2, nimekata na mizizi. Nikaenda kuazima mzani wa mwenye duka. Kilo 10 na robo, hapo ukijumlisha na wale wa shingo nene ambao wameshaanza kulainika. Kikubwa kuliko vyote gramu 140, kidogo kuliko vyote sawa na gololi.

Nikaanza kupiga hesabu: mbegu pakiti mbili, CAN, urea (kimyakimya), samadi nililipa bajaji kuileta, maji sihesabu. Mama Juni akaniuliza unaandika nini, nikafunga daftari. Kwa bei ya soko la Majengo wiki hii nimepata hasara ya kama buku nne, nguvu yangu sijaitia.

Ila vikali! Amekata viwili vya kwanza kwenye genge jioni ile, macho yakamtoka machozi akasema hivi ndo vitunguu, siyo vile vya maji maji. Mteja mmoja akaomba kachumbari mara ya pili. Nilikuwa nimesimama nyuma ya jiko najifanya naangalia simu.

29 Septemba

Vimeisha. Siku kumi. Mama Juni kaleta beseni tupu kaliweka mbele yangu bila neno.

Vile vya dada bado viko shambani vinakata maji yangu, havijalala, havijanenepa, kijani tu. Nilitaka kuving'oa nianze kuandaa jaruba, akanizuia. Anasema yale majani ni mazuri kuliko ya sokoni, yana nyama, anakata anatia kwenye chipsi mayai na watu wameanza kuulizia "ile ya majani". Anakata kwa kile kisu chake, kakikuta kwenye jaruba.

Leo asubuhi nimelaza mbegu 20 mpya kwenye kitambaa juu ya friji.

Jioni dada kapiga simu ya video, anataka aone vitunguu vyake vimefikia wapi, kama vimefika ukubwa wa ile picha. Nimempelekea simu mama Juni gengeni, akamwonyesha kikaango.